Makuzi ya Kijamii na Kihisia ya Watoto Wadogo: Ntinda na Kampala

Makuzi ya kijamii na kihisia ni uwezo anaoujenga mtoto, tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8, wa kutambua anachokihisi, kukitaja, kukimudu, kumwamini mtu na kuishi na wenzake kwa kupeana na kungojeana. Uwezo huo haujiotei tu kama meno. Hujengwa na matendo madogo yanayorudiwa kila siku: mtoto analia, mtu anamjia; anacheka, mtu anamchekea; anashtuka, mtu anamkumbatia hadi atulie. Mtoto mchanga hawezi kujituliza mwenyewe. Hutulizwa kwanza na mwingine, na kwa kutulizwa mara nyingi hujifunza taratibu kujituliza. Ndiyo maana anayetaka kujua makuzi haya yakoje mahali fulani hana budi kuanza na maswali mawili: ni nani anayeshinda na watoto mchana kutwa, na mtu huyo ana hali gani?

Ntinda, kitongoji cha kaskazini-mashariki mwa jiji la Kampala katika Divisheni ya Nakawa, ni mahali pazuri pa kuyauliza, kwa sababu aina nyingi za malezi zimekaa jirani. Katika eneo la Ministers' Village nyumba ziko nyuma ya kuta ndefu na mageti yenye walinzi. Mwendo mfupi kutoka hapo familia nzima hulala katika chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho watu wa Kampala hukiita muzigo. Katikati yao pana soko, viwanda, maduka na vituo vya bodaboda. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kinachoandaa walimu wa nchi nzima, kiko mlimani kwa jirani, na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, lina makao yake makuu papo hapo Ntinda. Mtoto wa getini na mtoto wa muzigo wanatofautiana sana kwa chakula, nafasi ya kucheza na hospitali wanayopelekwa. Wanafanana katika jambo moja: wazazi wengi wa pande zote mbili hutoka mapema kuikimbia foleni, hurejea giza limeingia, na katikati ya saa hizo mtoto yumo mikononi mwa mtu mwingine.

Kampala ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu hii, na inasikitisha kwamba hata walimu wake wengi hawaambiwi. Kati ya 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, akiwa na kituo cha utafiti wa jamii kilichokuwa Makerere, aliwatembelea akina mama 26 wa Kiganda na watoto wao 28 katika vijiji vilivyo karibu na jiji. Alirudi kila baada ya wiki mbili hivi kwa miezi mingi, akikaa sebuleni kama mgeni, pamoja na msaidizi na mkalimani wake Katie Kibuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967 katika kitabu *Infancy in Uganda*. Majaribio aliyoyafanya baadaye huko Baltimore, Marekani, ndiyo yaliyoenea duniani na kufundishwa kila chuo, lakini mbegu yake ilipandwa Buganda.

Alichokiona ni kwamba mtoto anayetambaa humfanya mama kuwa kituo chake salama. Hutoka, huenda kuchunguza kuku au sufuria, hugeuka kumtazama mama, husogea mbali zaidi, kisha hurudi. Mtoto aliyeshikamana na mlezi wake kwa uhakika hang'ang'anii gauni la mama siku nzima. Ni yeye hasa anayethubutu kwenda mbali. Kati ya watoto 28, Ainsworth aliwahesabu 16 kuwa wameshikamana kwa usalama, 7 kuwa na wasiwasi wa kudumu, na 5 kuwa bado hawajashikamana na mtu. Idadi hiyo ni ndogo, na aliyehesabu ni mgeni aliyetegemea tafsiri. Hata hivyo jambo moja kati ya aliyoyaona lingali na uzito: akina mama walioweza kueleza habari za mtoto wao kwa undani, anavyolia akiwa na njaa na anavyolia akiwa na usingizi, ndio waliokuwa na watoto wenye utulivu. Kumjua mtoto hakununuliwi dukani. Kunahitaji muda, na akili isiyosongwa na mambo mengine. Ainsworth aliona pia kwamba mtoto huweza kushikamana na baba, bibi au ndugu, wala si mama peke yake. Kwa nyumba za Ntinda, ambamo shangazi na binamu huingia na kutoka, hilo ni jambo la kutia moyo.

Kila jamii, hata hivyo, huunda hisia za watoto wake kwa namna yake. Mwaka 1975 watafiti Paul na Janet Kilbride walieleza jinsi watoto wachanga wa Kiganda walivyowahi kuketi na kutabasamu, na wakaonyesha kwamba hilo halikuwa la damu. Watu wazima waliwaketisha kwa makusudi, wakawakabili uso kwa uso, wakawasalimu na kuwachekesha, kwa kuwa mtu wa Buganda hutazamiwa kujua kukaa na watu. Baadaye mtoto hufundishwa kupiga magoti anaposalimu, kupokea kwa mikono miwili, na kile Waganda wanachokiita empisa, yaani mwenendo mwema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwalinganisha watoto wa miaka 4 wa kabila la Nso nchini Kamerun na wenzao wa Ujerumani: walipoambiwa kwamba wakingoja bila kula kitu kitamu watapewa cha pili, karibu 7 kati ya 10 wa Nso waliweza kungoja, dhidi ya chini ya 3 kati ya 10 wa Ujerumani. Malezi yanayosisitiza adabu na utulivu yana nguvu yake halisi.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Mtoto wa Kampala anayeinamisha macho anapozungumza na mkubwa huenda ana heshima tu, na dodoso la kigeni litamwandika kuwa mwoga au mwenye huzuni. Kinyume chake, mtoto aliyenyamazishwa na hofu husifiwa kuwa na adabu. Alama ya kuwatofautisha iko uwanjani zaidi kuliko sebuleni. Mwenye adabu hukaa kimya mbele ya wageni, kisha akitoka nje hupiga kelele, hubishana na hucheka. Mwenye hofu hubaki kimya hata akiwa na wenzake, hushtuka mkono ukiinuliwa karibu naye, na anapoumia hamwendei mtu.

Kutengana na mlezi ndiko kunakowaumiza watoto wadogo kuliko watu wazima wanavyodhani. Buganda ya zamani ilikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi anapoachishwa ziwa. Ainsworth alitaka kuchunguza athari zake, akakuta desturi yenyewe imekwisha kulegea. Daktari Mfaransa Marcelle Geber, aliyefanya kazi Kampala miaka hiyohiyo ya 1950, aliona kwa watoto wenye kwashiorkor kwamba njaa ya chakula na huzuni ya kutengwa ghafla na mama viliandamana. Mtoto alikuwa amezubaa, hataki kucheza, hata kula hataki. Leo tiba ya utapiamlo mkali inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina hatua kumi, na ya tisa ni kumchangamsha mtoto kwa michezo na kumpa upendo. Wauguzi wa wodi za lishe wanajua kwamba tabasamu la kwanza ni dalili ya kupona.

Katika Ntinda ya sasa kutengana huko kuna sura nyingine: kuondoka kwa yaya. Msichana wa kazi mara nyingi hutoka kijijini, yeye mwenyewe hajafika mbali na utoto. Hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza, hupika, hufua, hupiga pasi na kulea, kwa mshahara mdogo. Baada ya miezi kadhaa huondoka au huondolewa, huja mwingine, na mtoto wa miaka miwili huwa amefiwa bila msiba kutangazwa. Akianza kukojoa kitandani tena, kuuma wenzake au kumkataa yaya mpya, huambiwa amedeka. Mwezi Novemba 2014 picha za video zilizonaswa na kamera ya siri katika nyumba moja ya Kampala, zikimwonyesha mfanyakazi wa nyumbani akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo, zilienea dunia nzima, na mwezi uliofuata mfanyakazi huyo alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Hasira ilikuwa ya haki. Mazungumzo yaliyofuata yalielemea mno kwenye kamera, na machache yalisemwa juu ya mapumziko ya yaya, mshahara wake, umri wake na nani wa kumfundisha. Kamera hurekodi madhara. Haimfanyi mtu aliyechoka awe mpole.

Yapo mambo ya gharama ndogo yanayosaidia. Yaya mpya na wa zamani wakikaa pamoja siku chache, mtoto hukabidhiwa badala ya kutupwa. Mzazi anayetoka amuage mtoto hata kama atalia. Desturi ya kuchomoka kwa mlango wa nyuma hununua utulivu wa asubuhi kwa gharama ya imani, kwani mtoto hujifunza kwamba mtu aweza kutoweka wakati wowote, na kesho yake atamshikilia mama tangu alfajiri. Jioni, nusu saa ya kuoga na kulishwa na mzazi asiyetazama simu ina thamani kuliko zawadi za mwisho wa wiki.

Kwa familia za muzigo mambo ni tofauti. Mama anayeuza matunda au nguo huja na mtoto kibandani, na ukaribu huo una faida zake: mtoto ananyonya, anabebwa, anaongeleshwa na wateja. Akishaanza kutembea, soko huwa hatari, na hapo huachwa kwa dada mwenye miaka saba au minane, au kwa mwanamke wa jirani anayepokea watoto wengi kwa malipo ya siku. Mwanamke huyo peke yake, na watoto kumi katika chumba kimoja, ataweza kulisha na kulaza. Kuitika kila kilio hawezi, hata awe na moyo wa dhahabu. Idadi ya watoto kwa kila mlezi ni swali la kwanza ambalo mzazi angepaswa kuuliza, kabla ya rangi za ukuta na bembea.

Kutoka hapo mtoto huingia nasari. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliacha elimu ya awali mikononi mwa watu na taasisi binafsi, na gharama kwa wazazi. Kwa hiyo Ntinda ina shule za kila bei, na zinashindania wateja. Mzazi aliyelipa ada anataka kuona kitu, na kinachoonekana upesi ni daftari: herufi, hesabu, kazi ya nyumbani kwa mtoto wa Baby Class, darasa la chini kabisa la nasari, na sherehe ya mahafali Top Class, la juu kabisa, ikiisha. Wizara ya Elimu imekataza usaili wa kuingia darasa la kwanza, lakini shule zenye majina zingali zinaufanya kwa njia mbalimbali, na shinikizo la mtihani wa mwisho wa shule ya msingi huteremka hadi kwa watoto wa miaka 3. Jambo la kushangaza ni kwamba mwongozo wa taifa wa kufundishia watoto wa miaka 3 hadi 6, uliotolewa mwaka 2005, umeliweka suala la kuhusiana na wengine kwa namna inayokubalika miongoni mwa maeneo yake makuu matano. Mwongozo ni mzuri. Wazazi hawajauona, na mwalimu anayepimwa kwa wingi wa kurasa zilizosahihishwa hana nafasi ya kuutekeleza.

Lugha huongeza uzito. Tangu 2007 mtaala wa madarasa matatu ya kwanza ya msingi unapendekeza lugha ya eneo, lakini shule za Kampala, zenye watoto wa makabila mengi, hutumia Kiingereza, na nasari hufuata. Mtoto anayeongea Kiganda au Kinyankole nyumbani hufika darasani akiwa hana maneno ya kusema kwamba amenyang'anywa, ameonewa au anamkumbuka mama. Asiyeweza kusema hupiga, hulia au hunyamaza. Mwalimu mwenye busara humwacha mtoto aseme la moyoni kwa lugha anayoijua, kisha humpa neno la Kiingereza baadaye. Kumwadhibu mtoto kwa kulia kwa Kiganda ni ukatili, hata kama haukukusudiwa.

Viboko vinahitaji kutajwa waziwazi. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yanapiga marufuku adhabu ya kupigwa shuleni. Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili, uliofanyika 2015 na kutolewa 2018, ulionyesha kwamba vijana watatu kati ya wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walifanyiwa ukatili wa aina fulani utotoni. Kwa mtoto mdogo, kupigwa na mtu anayemtegemea humweka katika fumbo lisilo na jibu: anayemtisha ndiye anayepaswa kumkimbilia. Kwamba mambo yanaweza kubadilika kumethibitishwa Uganda kwenyewe. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitunga mpango wa Good School, ambao kati ya 2012 na 2014 ulijaribiwa katika shule za msingi 42 za Luwero. Walimu walifanya kazi na wanafunzi na wazazi kubuni nidhamu isiyo ya fimbo, na hatari ya mwanafunzi kupigwa na mwalimu katika wiki iliyotangulia ikapungua kwa asilimia 42. Wanafunzi hao walikuwa wakubwa kuliko wa nasari. Kilichobadilishwa kilikuwa mazoea ya watu wazima, na mazoea hayo ni yale yale Baby Class.

Mchezo ndio shule ya asili ya hisia. Katika kwepena, mchezo wa kukwepa mpira unaochezwa uchochoroni kote Kampala, mtoto hukubali kutoka anapopigwa, hungoja zamu, hubishana juu ya sheria na kuelewana na mwenzake kabla giza halijaingia. Katika kupika majani kwa makopo, mmoja akiwa mama na mwingine mgeni, hujaribu kuona mambo kwa macho ya mtu mwingine. Viwanja vinavyojengwa maghorofa Ntinda vilikuwa mahali pa elimu hiyo, na mtoto wa getini mwenye vitu vingi vya kuchezea na asiye na wa kucheza naye amepungukiwa na kitu ambacho mtoto wa muzigo angali nacho. Vifaa si kikwazo. Programu ya Madrasa, iliyoanzishwa Mombasa miaka ya 1980 na Bi Swafiya Said kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ikafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993, ilijenga chekechea za jamii kwa vizibo, vifuu, kanga, nyimbo na hadithi za nyumbani, na walimu waliochaguliwa miongoni mwa wanawake wa mtaa uleule.

Hoja ya kumsaidia mtoto kupitia mlezi ina ushahidi mzito zaidi kutoka Lira, kaskazini mwa Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihusu wazazi wenye watoto wa mwaka 1 hadi 3 waliokutana katika vikundi mara 12, wakiongozwa na wanakijiji wenzao, kujifunza kucheza na kuongea na mtoto, na pia kuelewana kati ya mume na mke. Watoto walipiga hatua katika kufikiri na katika kuelewa lugha. Akina mama nao wakapungukiwa na dalili za sonona. Haya mawili hayatenganishiki, kwa maana mama aliyezongwa na huzuni haoni ishara ndogo za mwanawe, na mtoto asiyeitikiwa huacha kutuma ishara. Programu ya Parenting for Respectability, iliyotungwa na watafiti wa Uganda na Uingereza na kujaribiwa Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala, iliwavuta akina baba kwa kuanzia kwenye jambo wanalolithamini, heshima ya familia. Wanaume na wanawake huanza katika vikundi tofauti, kisha hukutanishwa. Baba wa Kampala hutajwa mno kama mlipa ada. Akiketi chini kucheza na mtoto, nyumba nzima hubadilika.

Kufungwa kwa shule wakati wa korona, tangu Machi 2020 hadi tarehe 10 Januari 2022, kulikuwa kwa muda mrefu kuliko karibu kote duniani, na nasari ndizo zilizofungwa mfululizo. Watoto wengi waliozaliwa 2016 walifika darasa la kwanza wakiwa na mazoea machache ya kupanga foleni au kugawana kalamu. Haraka ya kufidia masomo iliwanyima muda wa kufidia hayo.

Sera ya taifa ya makuzi ya awali, iliyopitishwa 2016, inamtazama mtoto tangu mimba hadi miaka 8 na kuziunganisha wizara za afya, elimu na jinsia chini ya uratibu wa hiyo ya mwisho. Mpango ni sahihi. Mjini, ambako watoto wengi wadogo wako kwa yaya na kwa majirani wasiosajiliwa, utekelezaji wake hauna budi kuwafikia watu hao, na njia iliyopo ni kliniki ya chanjo: walezi wengi hufika hapo, na muuguzi aliyefunzwa aweza kuuliza mtoto anachezaje na mama analalaje, katika muda uleule wa kupima uzito.

Wapo watoto ambao njia ya kawaida haiwafikii, na Ntinda inawafahamu vizuri kuliko mitaa mingi, kwa kuwa shule ya msingi ya viziwi ya Uganda iko hapo. Watoto viziwi wengi mno huzaliwa na wazazi wanaosikia, na kwa miaka ya kwanza nyumba huwa haina lugha ya pamoja. Mtoto huona baba amekasirika na hajui kwa nini. Huchukuliwa na kupelekwa mahali bila kuelezwa. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba viziwi wa wazazi wanaosikia huchelewa kuelewa kwamba mwenzao anaweza kuamini jambo tofauti na wanalolijua wao. Viziwi wa wazazi viziwi, waliooneshwa ishara tangu uchanga, hawachelewi. Tatizo, basi, haliko masikioni. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaka nchi kuendeleza lugha ya alama, na Kyambogo hufundisha wakalimani wake. Kinachobaki ni suala la wakati: kiziwi akigunduliwa kabla ya mwaka wake wa kwanza, na mama, baba, bibi na yaya wakaanza kujifunza alama papo hapo, atafika shuleni akiwa na jina la hasira yake na la furaha yake; akisubiri hadi miaka 6, mwalimu wa Ntinda ataanza naye pale ambapo wenzake walianzia wakiwa na miezi kumi.